Mkebe Uliotiwa Lehemu

Mjomba wangu Hamad Mjaka alikuwa fundi saa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko bisibisi zake zote. Alinilea tangu mama yangu alipofariki, nami ndiye niliyekaa naye mpaka alipofumba macho. Kwa hiyo nikisema kwamba alikuwa mtu mwema, na kwamba mtu mwema huyo alifanya jambo baya, simsengenyi wala simtetei. Nasema kwa kuwa mkebe uko kwangu, juu ya kabati la nguo, na kila Ramadhani inapokaribia kwisha nauona kama unaningoja.

Meza yake ilikuwa chini ya ngazi, Mkunazini, mahali ambapo jua lilimfikia kwa saa mbili tu asubuhi. Hapo alikaa na kile kioo chake cha kubandika jichoni, akizifungua saa za watu na huku akizichambua imani zao. Hakuna aliyepona. Aliwacheka masheikh waliouza hirizi za kupatia wachumba, akiwauliza mbona mabinti zao wenyewe bado wamekaa. Aliwacheka waliosoma maulidi kwa kushindana nani kapika pilau kubwa zaidi. Mtu akikasirika, humwambia, "Sikukutaja wewe, yakhe. Nimelitaja neno lako. Lichukue, kalitengeneze, ulirudishe." Na msidhani alikuwa mtu wa kuacha sala. Alisali zote tano, tena kwa wakati, na wakati wenyewe alikuwa akiujua kuliko muadhini.

Upande wa pili wa kichochoro, uso kwa uso na meza ile, palikuwa na duka la Akbarali, fundi bati. Alikuwa Bohora, mmoja wa wale Waislamu wenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Kiponda, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe ya ukingo wa dhahabu. Alitengeneza taa, koroboi, ndoo na mifereji ya mvua, na nyundo yake ilikuwa ikigonga kutwa nzima. Mjomba alilalamika kila siku kwamba kelele zile zinazitia saa zake wazimu. Lakini Akbarali akiugua na duka likawa kimya, Mjomba alikuwa hafanyi kazi siku hiyo. Alikuwa anakaa tu, anautazama mlango uliofungwa.

Ugomvi wao ulikuwa wa mwezi. Sisi wengine huungoja mwezi uonekane ndipo tufunge, na huungoja tena uonekane ndipo tule sikukuu. Mabohora wana hesabu yao ya kurithi, inayowaambia miaka mingi kabla kwamba mwezi fulani utaingia siku fulani. Basi wao huanza kufunga siku moja mbele yetu, pengine mbili, na sisi tunapomalizia funga ya mwisho wao wako katika sikukuu. Ukutani kwa Akbarali palining'inia kalenda iliyopigwa chapa Bombay, na Mjomba hakuweza kuitazama akanyamaza.

"Ramadhani yako ina siku thelathini mwaka huu," alikuwa akimwambia. "Na mwaka jana thelathini. Na mwakani thelathini. Mwezi gani huo wa mbinguni ulio mtiifu hivyo? Huo mwezi wa karatasi, Akbarali."

"Na wewe unafuturu kwa kutazama saa, hutoki nje kulitazama jua," Akbarali humjibu bila kuacha kugonga. "Basi jua lako la chuma."

"Saa nairekebisha upya kila magharibi. Hiyo kalenda yako nani anairekebisha?"

"Nyinyi kila mwaka mnagombana kama mwezi umeonekana Makunduchi au haukuonekana. Walioona watatu, wasioona kisiwa kizima. Wakati huo sisi tushalala zamani."

Watu walijaa pale asubuhi kuwasikiliza, na kicheko kilikuwa kikihama kutoka upande huu wa kichochoro kwenda upande ule. Mmoja wao alikuwa Nahodha, jirani yetu wa Vikokotoni tulikokuwa tukikaa, kijana mchukuzi wa bandarini aliyekuwa na sauti kubwa. Ni yeye aliyelipenda zaidi lile neno la "mwezi wa karatasi". Akawa analirudia kila anapopita mbele ya duka, hata siku ambazo hapana ubishi. Mjomba alifurahi. Nasema kweli tupu, alifurahi kulisikia neno lake likitembea mjini.

Ili amshinde mwenzake, Mjomba aliamua kuisoma ile hesabu. Na mwalimu wake nani? Akbarali huyo huyo. Alimfundisha jinsi miaka thelathini inavyozunguka, ipi kati yake huongezwa siku, mwezi upi una thelathini na upi ishirini na tisa. Alimfundisha kwa subira, huku akijua kwamba anampa silaha. Mwezi mmoja baadaye Mjomba aliweza kuitoa kichwani sikukuu ya Mabohora ya mwaka wowote utakaomtajia. Akarudi mezani kwake, akakaa, akasema, "Sasa nnaweza kukukosoa vizuri."

Mwaka huo ndipo mkebe ulipoanza. Akbarali alitaka kumpelekea rafiki yake chakula cha sikukuu, na sikukuu yake ndiyo siku rafiki yake amefunga. Basi akakata bati, akatengeneza mkebe mkubwa wa mviringo wenye kifuniko, mkewe Bi Banu akaujaza biriani, kisha Akbarali akakitia kifuniko lehemu mahali pane, pande zote nne. Hungeweza kuufungua bila ya chombo. Akaubeba mwenyewe, kwa miguu, kutoka Kiponda, akapita Darajani, mpaka mlangoni kwetu Vikokotoni, baada ya adhuhuri.

"Mwambie mjomba wako nimetia lehemu asije akashawishika," aliniambia. "Afungue jua lake likizama, si langu."

Magharibi ilipoadhiniwa Mjomba alikula tende, akanywa maji, akatoa bisibisi yake ndogo kabisa na kuyabandua yale matone ya lehemu moja moja, taratibu, kama anayefungua saa ya mfalme. Biriani ilikuwa bado ina uvuguvugu. Alikula mpaka akaegemea ukuta. "Hesabu yao ina kosa," alisema. "Lakini biriani yao haina." Kesho yake, sikukuu yetu, nikaurudisha mkebe Kiponda umejaa vileja na visheti. Ikawa hivyo miaka minane mfululizo, na ubishi uliendelea miaka yote minane.

Kisha yakaja Mapinduzi. Sitayaeleza hapa, waliokuwepo wanayajua, na wasiokuwepo wamesimuliwa, kila mtu kwa namna yake. Ramadhani iliingia siku chache tu baadaye, na mwaka ule hapana aliyeutarajia mkebe, maana Akbarali hakutoka ndani. Nyumba nyingi za Kiponda zilifungwa madirisha mchana kutwa. Mwaka wa pili, mwanzoni mwa 1965, watu walianza kujidanganya kwamba mambo yametulia. Nyundo ya Akbarali ilikuwa ikisikika tena. Nahodha alikuwa ameacha uchukuzi. Aliongoza kundi la vijana waliojipa kazi ya kulinda mitaa, na nyuma yao palikuwa na kamati iliyojiunda yenyewe, ikikaa katika chumba kilichokuwa ghala la mbata, nazi zilizokaushwa. Ramadhani hiyo walikuwa wakiwakamata wanaokula mchana.

"Mjomba," nilimwambia, "mwambie Akbarali mwaka huu asilete."

"Nani atakayemgusa Akbarali? Mji mzima unamjua."

"Mwambie tu."

"Nshasikia, Wanu."

Hakumwambia. Nadhani aliona haya. Kumwambia rafiki yako usije kwangu ni kumwambia kwamba dunia imeharibika, na hapana aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Siku yenyewe ya sikukuu yao, Ramadhani ishirini na tisa kwa hesabu yetu, nilikaa mlangoni kuanzia adhuhuri. Alasiri ilipokaribia, aliyekuja ni Nahodha.

"Shikamoo, Ami Hamad."

"Marahaba."

"Unaitwa na kamati. Tumemkamata Bohora Darajani, kachukua chakula kinanukia mchana wa Ramadhani. Kamati inataka mtu anayeijua dini yao. Tumeona hapana aijuaye kama wewe."

Mjomba alinitazama. Mimi nikatazama chini. Sote wawili tulijua chakula kile ni cha nani.

Nilijitia buibui nikamfuata, nikasimama nje ya dirisha pamoja na watu waliokuwa wamejazana pale. Harufu ya mbata haikuwa imetoka katika kile chumba. Akbarali alikuwa amesimama katikati, kichwa wazi. Kofia yake sikuiona. Mkebe ulikuwa mezani, na matone yote manne ya lehemu yalikuwa mahali pake, mazima. Waliokuwa karibu nami walisema ameulizwa mara tatu chakula anampelekea nani. Amejibu kwamba ni cha rafiki yake. Rafiki gani? Hapo hafungui mdomo.

Nilielewa mara moja. Angemtaja Mjomba, habari ingetoka pale kwamba Hamad Mjaka, mtu wa safu ya mbele msikitini, anapelekewa biriani mchana wa Ramadhani. Mtu aliyekuwa akichekwa dini yake kila asubuhi alikuwa amesimama pale anamsitiri aliyemcheka.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa mtaa wetu. Alikuwa mpole, ana daftari mbele yake, na alimpa Mjomba kiti.

"Bwana Hamad, ni kweli ulisema mwezi wa watu hawa ni wa karatasi?"

"Nilisema."

"Ulisema hawatazami mbingu, wanatazama kalenda?"

"Nilisema."

"Na kwamba Ramadhani yao haipungui hata siku moja?"

"Naam. Nilisema."

"Basi watu hawa wanaifanyia mchezo dini yetu. Wanakula mbele yetu kusudi, kutudharau. Sivyo?"

Hapo ndipo pa kusema. Niliuona mdomo wake ukifunguka. Nje watu walikuwa wameanza kulipokea lile neno, karatasi, karatasi, kwa sauti ya chini. Nahodha alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono, hacheki, amemkazia macho Mjomba. Mjomba akamtazama Nahodha, akautazama mkebe. Akbarali hakumtazama. Nafikiri alifanya kusudi, ili asimlazimishe.

"Mimi nilisema juu ya mwezi," Mjomba alisema, kwa sauti ndogo hata mwenyekiti akamtaka arudie. "Nilisema mwezi."

"Ahsante. Yametosha."

Na kweli yalitosha. Walimtwika Akbarali mkebe kichwani, wakamtembeza kutoka pale mpaka Darajani, wakaingia naye Mkunazini, na mmoja wao nyuma akiupigapiga mkebe kwa fimbo. "Kobe! Kobe!" walimwita, kama wanavyoitwa wanaokula mchana. Kisha likaja lile jingine, "Mwezi wa karatasi! Mwezi wa karatasi!" na watu niliowajua tangu utotoni wakalipokea, wengine wao wakiwa na taa na ndoo nyumbani zilizotengenezwa na Akbarali huyo huyo. Walipita mbele ya meza ya Mjomba. Neno lilikuwa lake, limezaliwa pale pale chini ya ngazi. Lakini hakuna hata mmoja katika umati ule aliyejua habari za miaka thelathini inayozunguka, wala aliyetaka kuzijua. Na Mjomba alipokuwa akilisema, Akbarali alikuwa akijibu, na kicheko kikimgeukia mwenyewe. Siku ile Akbarali alikuwa na mikono miwili juu ameshika mkebe usianguke, na hapana aliyetaka jibu lake.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipousikia mlango wetu nyumbani ukigongwa. Nilifungua. Alikuwa Akbarali, vumbi mpaka kwenye kope, kanzu imechanika begani. Walikuwa wameshamwachia. Mkebe alikuwa nao mkononi, kifuniko kimebonyea mahali pengi, lehemu imeshika.

"Mwambie mjomba wako," alisema, kwa sauti ile ile ya kila mwaka, "jua lake bado halijazama."

Akanipa mkebe, akaondoka. Mjomba alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia kila neno, na hakutoka.

Magharibi alikunywa maji tu. Akatoa bisibisi, akaigusisha kwenye tone la kwanza, akaiweka chini. Kesho yake, sikukuu yetu, alifanya vile vile, akaiweka chini. Siku ya tatu nyumba ilianza kunuka. Nikaufungua mkebe mimi mwenyewe kwa kisu cha jikoni, nikakimwaga chakula kile shimoni, nikausugua mkebe kwa majivu mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na mimi, maana mimi pia nilisimama dirishani na ulimi wangu ulikuwa mzima.

Duka la Akbarali halikufunguliwa tena. Baada ya wiki chache yeye na Bi Banu walipanda meli wakaenda Mombasa na mizigo miwili. Mjomba alijua siku ya safari. Alikaa siku ile nzima na saa moja ndogo ya mkono, akiifungua na kuifunga.

Duka likageuzwa ghala la mkaa. Hakukuwa na nyundo tena katika kichochoro kile. Lakini nikimpelekea ujumbe au shati, nilimkuta mara kwa mara ameinua kichwa, kioo kimetoka jichoni, ametega sikio. "Wanu, nani huyo anayegonga?" Namwambia hapana mtu. Anasema, "Bati, hulisikii?" Alihamisha meza upande wa pili wa ngazi. Kisha akaihamishia kazi nyumbani, Vikokotoni, na huko nako akawa anainua kichwa.

Kibaya zaidi ni ile hesabu. Aliisoma ili ashinde ubishi, nayo ikakataa kumtoka. Hatukuwa na kalenda yao nyumbani, na Bohora wa kumwambia hakuwepo. Lakini kila mwaka, siku ile ile waliyokuwa wakila sikukuu, alinyamaza tangu alfajiri, na ilipofika alasiri akaniuliza, "Mlango haujagongwa?" Mwaka mmoja nilimjibu kwa ukali kwamba haujagongwa na hautagongwa. Akaitikia, "Naam," kama aliyeitwa na mtu mwengine.

Na aliacha kukosoa. Hakuna hirizi tena, hakuna maulidi. Watu wakasema Hamad katulia, umri umemtia adabu. Wengine walinong'ona kwamba huo ndio mwisho wa mtu anayechezea dini za watu. Hilo lilinichoma kuliko yote, na linanichoma mpaka leo. Akbarali hakuumizwa na ubishi. Miaka minane alibishiwa, na miaka minane alileta biriani. Aliumizwa siku watu walipoacha kubishana naye wakaanza kumtaka yeye mwenyewe, na aliyeijua tofauti hiyo kuliko sote alikaa kwenye kiti akajibu alichoulizwa.

Mwenyewe aliniambia mara moja tu, tukiwa tunachambua mchele.

"Mimi nilikuwa nabishana na kalenda, Wanu. Wao walikuwa wanamtaka mtu. Wakaniuliza habari za kalenda, nami nikawajibu habari za kalenda, kana kwamba hiyo ndiyo waliyokuwa wakiitaka."

Mwaka 1970 ilikuja barua ya Bi Banu kutoka Mombasa. Akbarali amefariki, kwa maradhi ya kifua. Hakuna lawama hata moja ndani yake. Alitupa salamu, akauliza hali zetu, na karibu na mwisho akaandika kwamba marehemu alikuwa akilalamika kila Ramadhani kwamba Mombasa haina mtu wa kubishana naye ipasavyo. Mjomba alinitaka niisome tena. Niliisoma. Akanitaka niisome mara ya tatu, nikamwambia sina macho ya kuisoma tena.

Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe hakuwa na macho ya kazi. Saa zilimla macho yote mawili. Alibaki kuona mwanga na vivuli. Ramadhani ya 1972 mchele ulikuwa wa foleni, na kila nilichopata nilikihesabia siku. Akaniambia, "Wanu, weka mchele. Utapika biriani siku ya sikukuu yao."

"Tutampelekea nani?"

"Utauleta na mkebe."

Nilipika. Nyama ilikuwa ndogo na zafarani haikuwepo, nikatia manjano. Akaujaza mkebe kwa mikono yake, akawasha mkaa, akapasha chuma chake, akatia lehemu pande nne kwa kupapasa. Matone yalitoka makubwa na mabaya, na kidole kimoja kikaungua. Alipomaliza akavaa kanzu safi, akaubeba mkebe kifuani.

"Tunakwenda Kiponda," alisema.

"Kiponda kuna nani, Mjomba?"

"Hakuna mtu. Nnataka nipite Darajani mchana kweupe nao unanukia. Watanisimamisha. Wataniuliza chakula hiki cha nani. Safari hii nitajibu."

Nilimshika kiwiko tukaenda. Biriani ilinukia njia nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga, na mate yalinijaa mdomoni. Tulipita katikati ya watu wa Vikokotoni, wa Mchangani, tukaingia Darajani sokoni, siku ambayo kila pua ina njaa. "Shikamoo, Mzee Hamad," walimwambia, wakampisha. Mtu mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa akiwapanga watu katika foleni, alimpokea mkebe ili avuke barabara vizuri, akamrudishia upande wa pili, akamwombea dua. Hapana aliyeuliza. Biriani ile ile, mkebe ule ule wenye alama za fimbo, siku ile ile kwa hesabu ile ile. Tofauti ilikuwa aliyeubeba.

Tulifika Kiponda. Mlango wa nyumba ya Akbarali ulikuwa na kufuli lenye kutu. Mjomba aliupapasa mlango, akasimama pale muda mrefu, tukageuka.

"Hawakuniuliza," alisema. Hatua kumi mbele akasema tena, "Hawakuniuliza, Wanu." Alikuwa kama mtu aliyetukanwa.

Tulipofika tena Darajani, Nahodha alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake cha kuuza kamba na misumari. Alikuwa amenenepa, sauti yake imeshuka, tasbihi mkononi. Kundi lake lilikuwa limesambaratika zamani. Alinyanyuka mbio.

"Shikamoo, Ami. Lete nikubebee."

Aliupokea mkebe. Kiganja chake kikapita juu ya kifuniko, kikafika kwenye yale mabonyeo, kikasimama.

"Nahodha," Mjomba alisema, "chakula cha siku ile kilikuwa changu."

Nilidhani atauliza chakula gani. Nilidhani amesahau, na nilikuwa nimejitayarisha kumchukia kwa kusahau.

"Tulijua, Ami," alisema.

Mjomba akamgeukia, macho yake yale yasiyoona yametoka.

"Mtu anayetaka kula hatii chakula lehemu. Mwenyekiti aliiona, na mimi niliiona. Na Vikokotoni nzima tulikuwa tukiuona mkebe ule ukiingia kwenu kila mwaka. Ndiyo maana ukaitwa. Mimi ndiye niliyesema uitwe. Nilisema Ami Hamad akija atasema ni chake, yeye kafunga na Bohora anaiheshimu funga yake, na kamati itapata njia ya kumwachia bila ya kuaibika. Nilisimama pale mlangoni nakungoja."

"Na wewe mbona hukusema?" nilimuuliza. Sikuweza kujizuia. "Ulikuwa na mdomo wa kupigia kelele Mkunazini nzima!"

"Mimi nani, Bi Wanu?" alisema. "Mimi nilikuwa nalirudia neno lake tu."

Mjomba aliunyoosha mkono, akaomba mkebe wake. Nikamshika kiwiko tukarudi nyumbani.

Magharibi ilipoadhiniwa alikula tende, akanywa maji. Kisha akaniomba bisibisi ndogo. Akaitafuta lehemu kwa ncha ya kidole, akalibandua tone la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alikula kidogo, akatafuna kwa muda mrefu.

"Hesabu yao mimi bado naiona ina kosa," alisema.

Nilimtilia maji ya kunywa.

"Na chakula kilikuwa changu."

Hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akimjibu mwenyekiti katika ghala lile la mbata, na miaka saba ilikuwa imepita. Akalia, akanisogezea mkebe, akaniambia nile kabla biriani haijapoa.